Betri za kuundwa nyumbani: Sheria iwafunze mafundi, isiwafukuze

RAIS William Ruto alipozindua mpango wa kitaifa wa uchukuzi wa umeme mjini Mombasa mnamo Septemba 1, 2023, taswira waliyopewa Wakenya ilikuwa ya kupendeza. Mwendeshaji bodaboda anafika kituoni, anatoa betri iliyoisha chaji, anapewa iliyojaa na kushika njia kabla abiria wake hajachoka kusubiri.

Taswira hiyo yaweza kutimia Mombasa, Nairobi au Kisumu. Lakini msafiri anayetoka Mwingi na kuelekea mashariki hadi Nuu, katika eneobunge la Mwingi ya Kati, hukutana na hesabu nyingine kabisa.

Kampuni inayobadilisha betri hupata faida mahali penye pikipiki nyingi katika eneo dogo. Kitui ni kinyume cha hayo. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti hiyo ilikuwa na wakazi milioni 1.13 waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita 30,000 mraba. Huo ni wastani wa watu 37 hivi kwa kila kilomita mraba, ilhali Nairobi ina zaidi ya watu 6,000 katika nafasi iyo hiyo.

Hivyo basi, swali linalostahili kuulizwa si iwapo vituo vya kubadilishia betri vitafika Nuu, bali ni nini kitakachofanyika kabla havijafika. Yeyote anayeifahamu historia ya jua kali nchini analo jibu tayari. Fundi atajiundia betri yake mwenyewe.

Vifaa vinavyohitajika si siri tena. Seli za lithiamu zimo ndani ya kompyuta za mkononi zilizokufa, ndani ya taa za sola zilizotupwa na ndani ya betri za pikipiki zilizoondolewa barabarani. Maelezo ya kuziunganisha yanapatikana kwa mwenye simu na vifurushi vya data. Kinachokosekana ni mafunzo, vyombo vya kupimia na sheria inayomtambua mtu huyo.

Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo Serikali inapaswa kuamua mapema iwapo itamzima fundi huyo au itamfunza.

BETRI INAVYOUNDWA

Ili kuuelewa ubishi huu, ni vyema kuifungua betri yenyewe na kuchungulia ndani.

Seli inayotumika zaidi na mafundi wa nyumbani hujulikana kama 18650. Jina hilo ni vipimo tu, yaani milimita 18 za upana na 65 za urefu. Kila seli hutoa wastani wa volti 3.6. Ikijaa kabisa hufikia volti 4.2, na haipaswi kushuka chini ya volti 2.5 hivi.

Baiskeli ya umeme ya kawaida huhitaji volti 48. Fundi huunganisha makundi 13 kwa mfululizo ili kupata volti hizo. Katika kila kundi huweka seli kadhaa sambamba ili kuongeza kiasi cha umeme unaohifadhiwa. Akitumia seli nne katika kila kundi, zenye ampea-saa 2.5 kila moja, atakuwa na seli 52 na takribani wati-saa 468. Uzito wa seli hizo hauzidi kilo mbili na nusu kwa kiasi kikubwa.

Kwa lugha ya bili ya umeme, hiyo ni chini kidogo ya nusu uniti. Kwa lugha ya barabara, ni kati ya kilomita 30 na 40 kwa baiskeli ambayo mwenyewe anaikanyaga akisaidiwa na mota, ingawa mchanga, vilima na mtungi wa maji mgongoni mwa baiskeli vitaipunguza safari hiyo.

Tukikadiria uniti moja kuwa Sh30 na kuhesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji, kuijaza betri hiyo hakuzidi Sh20. Paneli ya sola ya wati 150 yaweza kuijaza kwa siku moja ya jua la Ukambani. Itakumbukwa kwamba mnamo Septemba 2023 bei ya petroli ilivuka Sh200 kwa lita jijini Nairobi kwa mara ya kwanza. Mwananchi wa Nuu, ambaye mafuta humfikia yakiwa yamepanda lori na pengine chupa, haihitaji kalamu kuona tofauti.

Ndiyo maana si haki kumdhihaki anayejaribu. Anafanya hesabu ile ile inayofanywa na kampuni kubwa, ila yeye anaifanya chini ya mti.

KUSUBIRI KULIKOZOELEKA

Wakazi wa upande huu wa Kitui wamezoea kuahidiwa nishati. Katika bonde la Mui, jirani na Nuu, makaa ya mawe yaligunduliwa na mwaka 2011 Serikali ikaichagua kampuni ya Fenxi Mining kutoka Uchina kuchimba sehemu ya bonde hilo. Muongo mmoja baadaye, wakazi walikuwa bado wanauliza kuhusu fidia ya ardhi badala ya kuhesabu malori ya makaa.

Aidha, mradi wa umeme wa sola kwa maeneo yaliyo mbali na gridi, maarufu kama KOSAP, uliundwa kwa ajili ya kaunti 14 zilizotajwa kuwa zimesahaulika. Kitui haimo katika orodha hiyo. Kaunti hii si kavu kiasi cha kuhurumiwa pamoja na Turkana na Wajir, wala si tajiri kiasi cha kuwavutia wawekezaji wa jijini.

Haki itendeke, Serikali haikukaa kitako. Mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilianzisha bei maalumu ya umeme kwa vituo vya kuchajia magari na pikipiki, ya Sh16 kwa uniti na Sh8 katika saa ambazo matumizi ni madogo. Sheria ya Fedha ya mwaka huo huo iliziweka baiskeli za umeme na betri za lithiamu katika kundi la bidhaa zisizotozwa ushuru wa thamani. Mnamo Machi 2024, Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, alizindua rasimu ya sera ya kitaifa kuhusu uchukuzi wa umeme.

Hata hivyo, hatua hizo zote zilimlenga mwagizaji, mwunganishaji wa kiwandani na mwenye kituo. Nafuu yenyewe ya ushuru haikuwa na mizizi, kwani Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kuiondoa kwa baadhi ya bidhaa hizo, kabla mswada mzima haujaondolewa mnamo Juni mwaka huo kufuatia maandamano ya vijana.

Fundi wa sokoni hakutajwa popote kama mtu atakayegusa betri.

Kimya hicho kina maana yake kibiashara. Katika mfumo wa kubadilisha betri, mwendeshaji hununua pikipiki lakini betri hubaki kuwa mali ya kampuni. Haruhusiwi kuifungua, na mara nyingi programu iliyomo ndani hutambua chaja isiyo ya kampuni na kuikataa. Kwa mwendeshaji wa jijini, hilo ni nafuu, kwa kuwa betri ikichakaa si mzigo wake. Kwa aliye Nuu, pikipiki isiyo na kituo karibu ni chuma kilichoegeshwa.

MOTO USIOZIMIKA KIRAHISI

Pamoja na hayo, tungekuwa tunawadanganya wasomaji iwapo tungesema kwamba kuunda betri ni sawa na kutengeneza jiko la makaa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tatizo la kwanza ni kwamba betri ya mfululizo ina nguvu sawa na kundi lake dhaifu. Seli moja kuukuu ikiwekwa katikati ya seli nzima, hujaa kabla ya wenzake na huisha kabla yao. Chaja, ambayo huona volti za jumla tu, huendelea kusukuma umeme hadi volti 54.6 huku kundi hilo dhaifu likipita kiwango chake. Seli iliyopitishwa kiwango huanza kujipasha moto kwa ndani. Joto hilo huzaa joto zaidi, seli hupasuka, na ya jirani hufuata.

Ili kuzuia hayo, betri huwekewa saketi ya ulinzi inayopima kila kundi peke yake na kukata umeme panapotokea hitilafu. Ni kifaa cha bei ndogo kikilinganishwa na seli zenyewe, lakini ndicho cha kwanza kuachwa na fundi anayebana matumizi.

Tatizo la pili ni joto la nje. Watengenezaji wengi wa seli huagiza zisichajiwe penye joto linalozidi nyuzi 45 za selsiasi. Sanduku la plastiki lililofungwa, likiwekwa chini ya paa la mabati adhuhuri ya Februari huko Nuu, laweza kupita kiwango hicho kabla hata chaja haijachomekwa.

Tatizo la tatu ni ulaghai. Seli za 18650 zinazouzwa zikiwa na maandishi ya ampea-saa 9.9 zipo sokoni, ilhali seli bora za ukubwa huo hazipiti ampea-saa 3.5 kwa kiasi cha kuonekana. Anayenunua kwa kusoma karatasi iliyobandikwa, bila kipimo, ananunua hadithi.

Isitoshe, moto wa lithiamu haufanani na moto wa kuni. Mchanga hufunika ndimi lakini haupoozi seli, na betri iliyodhaniwa kuzimika huweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa. Kinachohitajika ni maji mengi, huku watu wakikaa mbali na moshi wenye sumu. Katika maeneo ambako mtungi wa lita 20 hutafutwa kwa mwendo wa saa nzima, ushauri huo ni rahisi kuutoa kuliko kuutekeleza. Kwa sababu hiyo, kinga pekee ya kweli iko kwenye meza ya fundi.

Miji mikubwa duniani imelipia somo hili kwa roho za watu. Jijini New York, idara ya zimamoto ilihesabu moto 268 wa betri za lithiamu katika mwaka wa 2023 pekee, na watu 18 wakafariki. Katika mji wa Nanjing, Uchina, watu 15 walifariki mnamo Februari 2024 baada ya moto kuanza katika sehemu ya jengo walimoegesha baiskeli za umeme.

SUMU YA JANA

Kuna hatari nyingine ambayo haina ndimi wala moshi. Wakenya waliiona Owino Uhuru, mtaa wa mabanda mjini Mombasa.

Kuanzia mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwa betri kuukuu za magari kiliendesha shughuli zake ukutani mwa nyumba za watu. Kilipofungwa mwaka 2014, sumu ilikuwa imeshaingia katika damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido aliongoza kesi ambayo ilizaa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020. Uamuzi huo ulibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikawarejeshea wakazi ushindi wao mnamo Desemba 2024.

Betri ya lithiamu haina risasi, lakini funzo ni lile lile. Betri inapokufa, gharama huteremka hadi kwa maskini iwapo hakuna aliyewekewa jukumu mapema. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka msingi kwa kumtaka mwenye kuingiza bidhaa sokoni awajibikie mwisho wake. Nairobi ina vituo vinavyopokea taka za kielektroniki. Lakini hakuna mama wa Nuu atakayepanda basi hadi Nairobi kupeleka seli 52 zilizokufa. Zitatupwa shimoni au zitachomwa pamoja na takataka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kinaya ni kwamba fundi anayetengeneza betri ndiye pia mtu wa pekee kijijini mwenye sababu ya kuzikusanya zilizokufa. Kwake, kila betri kuukuu ni mgodi. Ukimfukuza, umemfukuza mkusanya taka wako wa kwanza.

SOLA ILITUFUNZA NINI

Nchi hii si mara yake ya kwanza kukabiliwa na teknolojia inayowatangulia watawala.

Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris aliishi maeneo ya Mlima Kenya na kuanzisha biashara aliyoiita Solar Shamba. Akishirikiana na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu katika Shule ya Sekondari ya Karamugi, aliweka umeme wa sola shuleni humo na kuwafunza vijana wa eneo hilo kazi ya kuunganisha mitambo. Mafundi hao, na wengine waliojifunza kwao, wakaenda vijijini kufunga paneli na betri za gari katika nyumba za walimu na wakulima wa kahawa. Soko likakua bila ruzuku kubwa ya Serikali.

Makosa yalikuwa mengi. Nyaya nyembamba ziliunguza nyumba, betri zilikufa mapema, na paneli hafifu ziliuzwa kwa bei ya paneli bora. Lakini Serikali haikupiga marufuku fundi wa sola. Kanuni za mwaka 2012 zilimpa leseni. Ziliweka madaraja matatu, T1, T2 na T3, kuanzia kwa anayefunga mtambo mdogo wenye betri moja hadi kwa anayeshughulikia mitambo mikubwa. Fundi akapata sababu ya kusoma, na mteja akapata swali la kuuliza: leseni yako iko wapi?

Hata jua kali yenyewe ilipitia njia hiyo. Baada ya miaka mingi ya kufukuzwa na askari wa mabaraza ya miji, mafundi wa mabati na vyuma walitambuliwa rasmi katika miaka ya 1980, na Sera ya Bunge nambari 2 ya mwaka 1992 ikawahesabu kuwa sehemu ya uchumi wa nchi. Leo hakuna anayeweza kufikiria Kenya isiyokuwa na Kamukunji.

NJIA MBILI

Ulimwenguni sasa kuna njia mbili zinazoshindana.

New York ilichagua marufuku. Sheria zilizopitishwa mwaka 2023 zinakataza kuuza baiskeli ya umeme ambayo betri yake haijaidhinishwa na maabara, na zinakataza kuunda betri kwa seli zilizotolewa katika betri kuukuu kwa ajili ya kuuza. Katika mji wa maghorofa, ambapo betri moja huweza kuteketeza familia kumi, uamuzi huo unaeleweka.

Umoja wa Ulaya ulichagua kufungua. Kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inaagiza kwamba kuanzia Februari 2027, betri za baiskeli na pikipiki nyepesi za umeme ziundwe kwa namna ambayo fundi huru mwenye ujuzi ataweza kuzitoa na kuzibadilisha, hata kufikia seli moja moja. Sababu ni kwamba betri yenye makundi 13 haistahili kuzikwa kwa ajili ya kundi moja lililokufa.

Kenya ikiiga New York bila kutafakari, itapitisha marufuku ambayo haina askari wa kuitekeleza Nuu. Kazi itaendelea usiku, bila saketi ya ulinzi, na fundi hatathubutu kumwambia jirani alichohifadhi chumbani. Marufuku isiyotekelezeka haizuii moto. Huzuia tu watu kuuliza maswali.

Kwa maoni yetu, yako mambo manne yanayowezekana bila kusubiri bajeti kubwa.

Kwanza, EPRA iongeze daraja la fundi wa betri katika leseni zake, kama ilivyofanywa kwa sola. Mtihani uwe mfupi na wa vitendo: kupima uwezo wa seli, kuikataa iliyoshuka chini ya volti mbili, kupanga makundi sawa, kuweka saketi ya ulinzi na fyuzi, na kuhifadhi betri mahali pasipo na joto.

Pili, serikali za kaunti zitumie vyuo vya kiufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwao. Chombo cha kupimia seli na mashine ya kulehemu utepe wa nikeli vyaweza kuwa ghali kwa fundi mmoja, lakini si kwa chuo kinachohudumia wadi kadhaa. Fundi alete seli zake, alipe ada ndogo, apime na kuunganisha chini ya macho ya mwalimu.

Tatu, nafuu ya ushuru imfikie mnunuzi wa seli mpya za lithiamu na fosfati ya chuma. Seli hizo ni nzito kidogo kuliko za kompyuta, lakini hustahimili joto zaidi na hudumu kwa chaji zaidi ya 2,000 zikitunzwa. Bei ya betri za lithiamu duniani imeshuka kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010 hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024. Kadiri seli mpya inavyokuwa rahisi, ndivyo fundi anavyokosa sababu ya kuokota ya jalalani.

Nne, waagizaji wa betri watakiwe kulipia vituo vya kupokea zilizokufa katika kila kaunti ndogo, na anayerudisha betri arudishiwe kitu mkononi. Hiyo ndiyo maana halisi ya sheria ya 2022.

Wapo watakaosema kwamba kumpa fundi leseni ni kuhalalisha hatari. Hoja hiyo ina uzito. Hata mafundi wa sola wenye leseni hufanya makosa, na kosa la lithiamu halimpi mtu nafasi ya pili. Lakini kati ya hatari inayojulikana kwa jina na anwani, na ile iliyofichwa chini ya kitanda, ni ya kwanza pekee inayoweza kukaguliwa.

Mwaka 2008, Serikali ilipoondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, haikuandaa mafunzo ya waendeshaji wala vituo vyao. Wadi za majeruhi katika hospitali zetu zimekuwa zikilipia kusahau huko tangu wakati huo. Uchukuzi wa umeme unaingia vijijini kwa mlango ule ule, na safari hii onyo limetangulia.